Kadi Ikipotea, Je, na Haki Imepotea?

Swali limetufikia kutoka Minova, nalo halikuletwa na mtu mmoja tu. Mama mmoja, mwenye watoto watano, aliliuliza kwa maneno machache kuliko wengine: "Mwalimu, nilipokimbia vita nilibeba mtoto mgongoni na godoro kichwani. Kadi ya kura ilibaki ndani ya sanduku, na sanduku likaungua pamoja na nyumba. Siku ya kupiga kura nikija bila kadi, watanirudisha mlangoni?"

Hatukuweza kumjibu kwa neno moja. Sheria ya uchaguzi ya Kongo yadai mambo mawili: mtu awe ameandikwa katika orodha, tena awe na kadi yake mkononi, yenye picha na namba. Basi jibu fupi ni hili: naam, mama, utarudishwa, mpaka upate duplikata. Walakini jibu fupi huenda lisiwe jibu la haki, ndiyo maana twaomba nafasi ya kulifafanua.

Vijana wa shule hudhani kadi ya kura ilikuwapo tangu zamani. La. Wakati wa Wabelgiji mwanaume mweusi alitakiwa kuchukua kijitabu cha utambulisho, lakini hakikuwa cha kupigia kura. Kilikuwa cha kodi, cha kazi, na cha kuonyesha kwamba ameruhusiwa kutoka kwao. Uchaguzi wa Mei 1960, uliotangulia uhuru, ulikuwa wa wanaume peke yao. Mwaka wa 1970, chini ya Mobutu, wapiga kura walionyeshwa karatasi mbili, ya kijani na nyekundu, na mgombea alikuwa mmoja tu. Hapo kadi yenye picha ingalimlinda nani, na juu ya mwizi yupi?

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1984 haikufuatwa na nyingine. Ilipofika mwaka wa 2005, baada ya vita viwili, nchi haikujua ina watu wangapi, seuze wapiga kura wangapi. Ndipo Tume ya Uchaguzi ya siku zile, iliyoongozwa na Abbé Apollinaire Malumalu, padri wa Butembo-Beni aliyefariki mwaka wa 2016, ilipotuma kompyuta, kamera na mashine za umeme mpaka vijiji visivyokuwa na barabara. Watu zaidi ya milioni 25 wakaandikwa. Wakapiga kura ya katiba Desemba 2005, na ya rais na wabunge tarehe 30 Julai 2006. Mzee wa mlimani ambaye hakuwa na karatasi yoyote ya serikali akaona sura yake mwenyewe juu ya kadi, na jina lake chini yake. Tusilidharau jambo hilo. Kwa watu wengi wa vijijini kwetu, ile ilikuwa mara ya kwanza taifa kuwaambia: twakujua.

Na kwa kuwa hakukuwa na kitambulisho kingine, kadi ya kura ikaruhusiwa kushika kwa muda nafasi ya kitambulisho. Muda huo umekuwa mrefu. Tarehe 30 Juni 2023 Rais Félix Tshisekedi alipokea kadi ya taifa ya kwanza mbele ya watu. Mwaka uliofuata mkataba wa kuzitengeneza ukavunjwa, na mwananchi wa kijijini alikuwa bado hajaiona yake. Kwa hiyo ile karatasi ya kura ndiyo inayofanya kazi zote. Kununua namba ya simu ni kadi ya kura. Kupokea pesa alizotuma mtoto aliye Kinshasa ni kadi ya kura. Mtu wa Minova apandaye gari kwenda Goma kwa njia ya Sake, au ashukaye Kalehe na Katana mpaka Bukavu, ajua neno la kwanza aulizwalo kwenye bariere. Asiye na kadi hutoa faranga, au hukaa kando ya njia mpaka jioni.

Hapo ndipo mambo mawili yalipochanganyika, nasi twaona kwamba mchanganyiko huo ndio mzizi wa shida. Watu wengi walipanga mstari mbele ya vituo vya kuandikishwa wala hawakuwaza kura hata kidogo. Walitaka kitambulisho. Baba alimpeleka kijana wake wa miaka 15 akasema ana 18, si kwa kutaka kumwibia mgombea yeyote, bali ili kijana apite bariere salama. Aliyepoteza kadi aliandikishwa upya mahali pengine, akawa mara mbili katika daftari. Kabla ya uchaguzi wa 2018 Tume ilipolisafisha daftari lake iliondoa majina zaidi ya milioni 5 yaliyokuwa yameandikwa mara mbili au zaidi, pamoja na watoto wasiotimiza umri. Baadaye, Mei 2018, wachunguzi wa Shirika la nchi zitumiazo Kifaransa wakakuta kwamba asilimia 16.6 ya walioandikwa hawakuwa na alama za vidole. Watu wakazitilia mashaka kura zenyewe, na mashaka hayo hayakwisha upesi.

Twayasema haya ili pasiwe na mtu wa kudhani sisi ni adui wa kadi. Hasha. Picha na alama ya kidole ndivyo vilivyoyaonyesha marudio yale. Pasipo picha, mwenye fedha angaliweza kukusanya majina ya marehemu wa kijiji kizima na kuwatuma vijana wake wakayapigie kura. Na kwetu Kivu, ambako mpaka u karibu na ng'ambo ya ziwa yaonekana kwa macho, uvumi wa "wapiga kura wa kuletwa" huweza kuwasha moto kabla hata kura haijahesabiwa. Kadi yenye picha huzima sehemu ya uvumi huo. Tena humlinda mtu ambaye majirani hawampendi. Neno hili tutalirudia, kwa maana ni zito.

Sasa tutazame upande wa pili. Mwaka wa 2023 kadi mpya zilianza kufutika. Wino ulififia, jina likatoweka, picha ikabaki kivuli. Miezi michache kabla ya kura ya tarehe 20 Desemba 2023 watu walikuwa wakipanga mistari kuomba duplikata ya kadi ambayo hawakuipoteza wala hawakuiharibu. Mwananchi alikuwa ametimiza wajibu wake wote: alikwenda, alisubiri, alitoa vidole vyake na sura yake. Kosa lilikuwa la karatasi, na gharama ya siku zake za kazi ikawa yake.

Halafu vita. Katika uchaguzi huohuo watu wa Masisi na Rutshuru, Kivu ya Kaskazini, na wa Kwamouth, magharibi ya nchi, hawakupiga kura kwao kabisa kwa sababu ya mapigano. Masisi si nchi ya mbali na Minova: ukipanda barabara ya Sake umeshaingia teritware hiyo. Wakimbizi wake wengi walikuwa Minova kwetu, katika shule na makambi, wakati wenyeji walipokwenda kuchagua. Walisimama kando wakatazama. Kisha zamu ya wenyeji ikafika. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 mapigano ya Sake yaliikata barabara ya Goma, na tarehe 21 Januari 2025 Minova yenyewe ikatwaliwa na M23. Watu wakakimbilia Idjwi, Kalehe, Bukavu na kokote mtumbwi ulikoweza kufika. Kadi ya Kongo humfunga mtu na kituo alichoandikiwa. Mwenye kadi ya Minova, hata akiwa ameihifadhi vizuri ndani ya plastiki, akiwa kambini mahali pengine ana picha yake, ana namba yake, na hana pa kupigia kura.

Wengine watasema: shida hizi ni za Kongo tu, nchi ya vita. Si hivyo kabisa. Uingereza, nchi isiyo na kitambulisho cha taifa, ilianza kudai picha katika uchaguzi wa mitaa wa Mei 2023. Tume ya uchaguzi ya huko ilikadiria kwamba watu kama 14,000 walirudishwa mlangoni wasirejee tena. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Mei 2024, Boris Johnson, ambaye serikali yake ndiyo iliyopitisha sheria hiyo, alifika kituoni bila kitambulisho naye akarudishwa! Alirejea nacho akapiga kura, kwa kuwa nyumbani kwake hapakuwa mbali na hapakuwa pameungua. Ireland ya Kaskazini ilianza mapema zaidi, mwaka wa 2003, lakini huko serikali ilitangulia kuwatengenezea watu wasio na karatasi nyingine kadi ya kura yenye picha, bila malipo. Kudai na kutoa vilikwenda pamoja.

Hata jirani zetu wana hekima ya kuazima. Tanzania, mwaka wa 2020, aliyepoteza kadi ya kura na jina lake limo daftarini aliruhusiwa kuonyesha pasi ya kusafiria, leseni ya gari au kitambulisho cha taifa. Uganda huweka picha ya mpiga kura ndani ya daftari lenyewe, ili karani alinganishe uso ulio mbele yake na uso ulio kitabuni. Jambo hili la Uganda latupendeza sana. Kongo nayo ina picha zetu. Tulipigwa wote kituoni, tukaketi mbele ya kitambaa, tukaambiwa tusicheke. Picha zile zimo katika hazina ya Tume. Kwa nini basi picha iliyo mikononi mwa mama ndiyo pekee yenye nguvu, na ile iliyo mikononi mwa Tume isimtetee siku yake imeungua?

Hapo twafika kwenye neno letu lenyewe. Haki ya kupiga kura imo katika uraia, na alama yake ni jina lililo katika orodha. Kadi ni chombo cha kumtambua mwenye jina. Chombo chaweza kuvunjika. Serikali inayokidai chombo hicho ina deni la kukitengeneza kiwe imara, kukileta karibu, na kukirudisha bila malipo kinapopotea kwa vita au kinapofutika kwa ubovu wa wino. Na pale isipoweza, na ifungue mlango wa pili.

Mlango huo si kitu kigeni katika sheria yetu. Sheria ya tarehe 24 Desemba 2004, iliyoongoza uandikishaji wa kwanza, ilitaja karatasi ambazo mtu angeweza kuleta: pasi, leseni ya gari, kadi ya kazi, hata kadi ya mwanafunzi. Ikajua pia kwamba watu wengi hawana hata moja. Ndipo ikakubali ushuhuda wa watu watano, walioandikwa tayari katika kituo kilekile na waliokaa hapo miaka mitano au zaidi. Yaani nchi iliwaamini majirani watano kumwingiza mtu katika daftari. Twauliza kwa adabu: ikiwa majirani watano walitosha kumtambua mama yule alipoandikwa kwa mara ya kwanza, itakuwaje wasitoshe kusema siku ya kura kwamba ni yuleyule, hali jina lake limo na picha yake imo?

Mtu mmoja, mwalimu mwenzetu, alitupinga alipoyasikia haya. "Mashahidi hununuliwa," akasema, "tena kwa bia." Ni kweli. Lakini kuwanunua watano, waje hadharani, waandike majina yao, waweke vidole vyao kwenye kitabu, mbele ya wawakilishi wa vyama wanaowajua mpaka babu zao, si kazi rahisi. Na anayetaka kuiba uchaguzi mzima hahangaiki hivyo. Tutazame mambo yalivyokwenda. Tarehe 5 Januari 2024 Tume ilifuta kura za wagombea 82, wakiwamo mawaziri na magavana, ikafuta na uchaguzi wa wabunge wa Masimanimba na Yakoma mzima. Sababu zilizotajwa ni udanganyifu, rushwa, uharibifu wa vifaa, na kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Mashine! Wakati mama maskini akirudishwa kwa kuwa hana karatasi, wakubwa walikuwa na mashine nzima. Na katika uchaguzi wa Desemba 2018 Baraza la Maaskofu liliweka watazamaji 40,000 hivi nchini. Januari 2019 likatangaza kwamba matokeo yaliyotolewa hayakulingana na yale watazamaji wake waliyoyakusanya. Wapiga kura wale walikuwa wameonyesha kadi zao zenye picha, mmoja baada ya mwingine. Kadi hulinda mlango wa mbele wa chumba cha kura. Haioni kitu kipitacho dirisha la nyuma.

Pingamizi jingine lina nguvu zaidi, wala hatuwezi kulipita mbio. Majirani watano ni akina nani? Kalehe ina Wahavu, Watembo, Wahutu, Watutsi na wengine, nao hawakukaa pamoja kwa amani siku zote. Sheria ya 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwapo Kivu kabla ya mwaka wa 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya. Sheria ya Novemba 2004 ikasema kwamba makabila ambayo watu wake na ardhi yake vilikuwa ndani ya Kongo siku ya uhuru, watu wake ni Wakongo tangu asili. Mtu mmoja aweza kuwa alizaliwa Mkongo, akawa si kitu, akarudi kuwa Mkongo, asiondoke shambani kwake hata siku moja. Mtu kama huyo akiambiwa, "Lete majirani wakushuhudie," moyo wake hutetemeka. Yeye karatasi ndiyo kinga yake, kwa kuwa karatasi haiulizi anasema lugha gani nyumbani. Zanzibar waliyaona ya namna hii: huko kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ndicho kimfungulie mtu daftari la kura, na wapinzani walilalamika kwamba masheha huwanyima barua wasiowapenda. Mwaka wa 2009 jambo hilo lilileta ugomvi mkubwa Pemba. Ushuhuda ukiwekwa mkononi mwa mtu mmoja mwenye cheo, umekwisha kuwa rungu.

Kwa hiyo hatusemi mashahidi mahali pa kadi. Twasema vyote viwili. Aliye na kadi inayosomeka asiulizwe neno jingine, wala kabila wala kijiji cha babu yake, apite. Aliyepoteza kadi na jina lake limo, atafutwe katika picha za Tume, alinganishwe uso. Picha isipopatikana, ndipo waje mashahidi. Na aliyekimbia apigiwe hesabu mahali alipo, kwa jina la kwao. Tunajua jambo hili la mwisho ni gumu, lataka orodha za pekee na watu waaminifu wa kuzitunza. Lakini nchi iliyoweza mwaka wa 2005 kupeleka kompyuta msituni, ambako hata baiskeli ilipita kwa shida, haiwezi kusema kwamba orodha ya kambi moja imeishinda.

Na kitambulisho cha taifa kije, kitengwe na kura. Mtu asilazimike kuwa mpiga kura ili anunue namba ya simu. Siku hiyo watoto wa miaka 15 hawataletwa tena vituoni, na daftari litajisafisha nusu yake lenyewe.

Kipindi cha rais kilichoanza Januari 2024 ni cha miaka mitano, na katiba yataka uchaguzi ufanyike kabla hakijakwisha, yaani mwaka wa 2028. Nyinyi wanafunzi mliozaliwa mwaka wa 2010 au kabla yake, mambo haya ni yenu. Tunzeni kadi ya shule na cheti cha kuzaliwa kama vipo. Kama cheti hakipo, waulizeni wazazi mapema. Akina baba na akina mama wenye kadi inayosomeka bado, nakilini leo namba yake kwenye daftari, mkaifanyie fotokopi na kuiweka nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa ndugu mnayemwamini, kwa maana nyumba mbili haziungui kwa urahisi siku moja. Orodha zitakapobandikwa ukutani nendeni mkasome, msingoje siku ya kura. Na jirani aliyekimbilia Idjwi au Bukavu, asiyeweza kuja kusoma, msomeeni jina lake mkampelekee habari kama limo, na liko karatasi ya ngapi.